Owiti, Mafuriko Yako Yamefika Mlimani

Mpendwa Baba Achieng',

Hakuna aliyekufa. Naanzia hapo kwa sababu nakujua. Kila nilipokupigia simu ukiwa safarini, kabla sijafika kwenye salamu ulikuwa umeshauliza, "Kuna mtu amekufa?" Nikisema hapana, nilikuwa nakusikia ukishusha pumzi, halafu unasema, "Basi sasa nipe habari pole pole."

Kwa hiyo shusha pumzi. Mama yako yuko salama. Binti yetu Achieng' yuko chuoni Maseno, mzima. Nyumba zote za upande wetu wa mlima zimesimama, na nyasi za pale unapolala bado ni nyasi. Moto ulikuja, Baba Achieng', ukiwa na upepo wa ziwa mgongoni, nasi tukauzima kwa malori ya mchanga. Sasa nikupe habari pole pole.

Barua hii naiandika wazi. Nataka isomwe na madereva, na wake wa madereva, na watu wote waliowahi kukucheka pale steji ya malori Katito. Unajua naandika shajara tangu nikiwa kidato cha pili, tarehe juu, mambo ya siku chini yake. Ulikuwa ukiniita karani. "Karani, leo umeniandika nini?" ungeuliza huku unavua viatu mlangoni, na sikuwahi kukuonyesha. Siku ya moto niliandika sentensi moja tu: "Leo Mafuriko ameshinda." Nikalala na masizi puani. Nimeisoma tena sentensi hiyo na nimeona haitoshi.

Wasiokujua watauliza Mafuriko ni nani, kwa hiyo niruhusu nisimulie ile siku ya mazishi. Najua hukupenda nikiisimulia mbele ya wageni, lakini bila hiyo hakuna atakayeelewa lililotokea mlimani.

Kilikuwa kiangazi, jirani yetu mzee amefariki, waombolezaji wamejaa boma zima na kisima kimekauka. Wewe kazi yako ilikuwa kubeba mchanga kutoka mtoni kwa tipa yako, lori la kuinua na kumwaga mzigo, ile uliyoiandika Nyar Katito juu ya kioo cha mbele, binti wa Katito. Ukasimama katikati ya watu ukasema, "Maji nitaleta mimi." Wakakuuliza utayaleta na nini. Ulitandaza lile turubai la kufunikia mchanga ndani ya bodi, sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo, ukalipandisha mpaka juu ya kingo, ukalifunga kwa kamba pande zote, ukashuka mtoni kumwomba mkulima mmoja wa nyanya akupigie maji kwa pampu yake ya petroli. Nilikaa kando yako tulipokuwa tukipanda. Ulikuwa unaimba.

Tuliingia bomani kinyumenyume. Mapipa yalikuwa yamepangwa, akina mama wameshika ndoo, wazee wameketi chini ya hema. Na mkono wako, ambao maisha yako yote ukifika mahali unamwaga mchanga, ulifanya kazi uliyoizoea. Uliinua bodi.

Maji yote yalishuka kwa mpigo mmoja. Yaliondoka na masufuria, kandambili, viti vya plastiki, kuku na mkeka wa wazee. Mhubiri alipanda juu ya meza na Biblia ameiweka kichwani. Ouko, dereva mwenzako, rafiki yako wa tangu shule ya msingi, alikaa chini kwenye matope akacheka mpaka kwikwi ikamshika.

"Omera, ndugu yangu," alikuambia, "huyu mzee ameshakufa. Ulitaka tena azame?"

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekuita Owiti pale Katito. Ukawa Mafuriko. Watoto walikuita hivyo, mama muuza samaki akakuita hivyo, hata askari wa barabarani.

Mtu mwingine angelitupa lile turubai. Wewe uligeuza lori pale pale na matope magurudumuni, ukarudi mtoni, ukaleta maji mengine, na safari hii yakachotwa kwa ndoo kutoka juu mpaka mapipa yakajaa. Jioni ulichana kipande cha leso yangu kuukuu nyekundu, ukakifunga kwenye ule mkono wa chuma wa kuinulia bodi. Nilikuuliza ni cha nini.

"Mkono wangu ni mjinga," ulisema. "Ukigusa hiki kitambaa, utakumbuka leo ni maji."

Kisha ukahangaika na lile jambo la pili, la maji kutotulia. Kwenye kona ya kwanza ya mlima lori lilitaka kulala ubavu, maana mchanga ukishapakiwa umelala, lakini maji yanatembea. "Huyu ni abiria hataki kukaa kwenye kiti," ulilalamika. Ni mama yako aliyekutatulia. Hakutumia maneno mengi. Alikuonyesha ndoo yake, jinsi akitoka mtoni huweka matawi yenye majani juu ya maji yasirukeruke. Wewe ukatia magogo ya migomba kwenye lori, yakielea, ukawa unajaza nusu ya bodi na si zaidi. Lori likatulia. Ulifurahi siku hiyo kuliko siku uliyolinunua.

Lakini kuna kumbukumbu nyingine ambayo hatukuwa tukiizungumza. Kiangazi kimoja moto uliwaka mlima wa ng'ambo. Ulikimbia steji, ukawaambia madereva, "Kila mtu ana turubai. Tujaze maji, twende." Wakacheka. Mmoja akasema Mafuriko sasa anataka kulibeba ziwa. Ulikwenda peke yako. Ulirudi na uso mweusi, ukakaa kwenye ngazi ya lori bila kuvua viatu. Ule mlima uliungua mpaka juu, na watu walilala nje.

"Lori moja haifanyi kitu," ulisema. "Tungekuwa steji nzima, ule mlima ungekuwa na nyasi leo."

Halafu ukaniuliza kama kuna chai.

Ulipoanza kuugua ndipo uliponifundisha kuendesha, pale kwenye mchanga mkavu wa mtoni ambapo hakuna cha kugonga. Ulikaa upande wa abiria umejifunika blanketi na jua linawaka. Gia ya pili ilinishinda. Ouko na wenzake walikuwa wamesimama ukingoni kama watu waliokuja kutazama mpira. Uliniambia, "Usimwangalie Ouko. Ouko si barabara." Mpaka leo nikikwama mahali nasema hivyo moyoni. Na ulinifundisha sheria ya mlima: lori lenye mzigo ndilo lenye njia. Tupu linajibana kando, linangoja. Ulisema hata kama tupu ni la chifu.

Sasa nakuja kwenye Jumanne ile ya moto.

Mvua ilikuwa imetukimbia tangu kabla ya Krismasi. Nyasi za mlimani zilikuwa zimekauka hadi zinalia ukizikanyaga. Sijui moto ulianzia kwa nani, kama ni mtu aliyesafisha shamba au mchoma makaa, na siandiki ili kumtafuta. Nilikuwa mtoni, wapakiaji wamejaza mchanga nusu, wakati Ouko alipoacha kuzungumza katikati ya sentensi. Ouko hafanyi hivyo. Nikageuka kutazama anakotazama. Moshi ulikuwa chini ya boma letu, mbali kidogo upande wa shule, na ulikuwa umelala upande wa juu. Ukiona moshi umelala hivyo unajua moto unapanda.

Nilimpigia mama yako simu.

"Mama, toka. Shuka barabarani, nitakuchukua."

"Nitoke niende wapi?"

"Popote. Moto unapanda."

"Mwanangu analala hapa. Nimwache na moto?"

"Mama, kaburi haliungui."

"Wewe umejuaje?" Nikasikia mbuzi wake wakilia. "Kama unaleta maji, leta. Kama ni maneno, nimeyasikia."

Akakata simu. Unamjua. Mtu angeweza kumbeba na kiti chake, na angerudi kwa miguu. Kwa hiyo kazi ilikuwa moja tu. Kama moto ungefika bomani, ungemkuta yeye amesimama kando yako.

Nikawaambia wapakiaji wateremshe mchanga. Walidhani nimechanganyikiwa. Nikatoa turubai nyuma ya kiti nikaanza kulitandaza.

"Mama Achieng'," Ouko akasema, "leo ni mazishi ya nani?"

"Bado hakuna. Ndiyo sababu naenda."

Hakucheka. Alitazama mlima, akanitazama mimi nikipambana na kamba, akayaona na yale mashimo tuliyochimba mchanga. Nikueleze kuhusu mashimo. Unakumbuka jinsi tulivyotukanwa kwa ajili yake, kwamba sisi watu wa mchanga tumeutoboa mto na ng'ombe wataanguka humo. Kwenye baraza ya chifu ulikuwa ukikaa nyuma kabisa. Basi Jumanne ile mto wenyewe ulikuwa uzi mwembamba ambao mbuzi angeuruka, lakini mashimo yetu yote yalikuwa yamejaa maji hadi kifuani.

"Mafuriko alituambia," Ouko akasema. "Alisimama pale steji akatuambia, na mimi ndiye nilicheka kuliko wote." Akavua kofia, akairudisha. "Hiyo turubai inakunjwa namna gani kwenye kona?"

Nilimwonyesha kama ulivyonionyesha. Halafu akapanda juu ya boneti ya lori lake na kuita kwa ile sauti yake ya mnadani. Kila tipa pale ina turubai, kwa sababu polisi hawakubali mchanga usiofunikwa. Katika muda ambao ungekunywa kikombe cha chai ya moto, mchanga ulikuwa chini na maturubai yako ndani ya bodi. Wakulima wa nyanya na matikiti walileta pampu zao bila kuombwa mara mbili, maana wao pia nyumba zao ziko huko juu. Mipira ikatumbukizwa mashimoni. Wapakiaji wakakata migomba. Mtu angepita angesema tunaandaa harusi.

Kabla lori la kwanza halijaondoka nilivua leso kiunoni. Ilikuwa nyekundu, ile uliyoniletea kutoka Kisumu. Nikaichana vipande, nikapita kebini moja baada ya nyingine nikifunga mkono wa kuinulia bodi.

"Mama, mimi si mtoto," dereva mmoja akaniambia. "Najua nimebeba maji."

"Hata Mafuriko hakuwa mtoto," nikasema. Akaachia mkono wake nikafunga.

Tukapanda. Natamani ungeona, na nakuandikia ili uone. Nyar Katito mbele, Ouko nyuma yangu, na nyuma ya Ouko malori ya mchanga yote ya Katito yakipanda kwa gia ndogo, honi zikilia kila kona. Watu waliokuwa wakishuka na magodoro kichwani walijibana kando wakatupisha. Mama mmoja alinipigia kelele, "Mchanga wa nini sasa?" Ouko akamjibu kutoka nyuma, "Tunakuja kujenga," na sikuwa na nafasi ya kucheka.

Tulikuta gari la zimamoto kutoka Kisumu limesimama karibu na shule. Vijana wake walikuwa wamepigana vizuri. Walikuwa wameuzuia moto usifike madarasani, lakini tangi lao lilikuwa limekwisha na dereva alikuwa anageuza ashuke kutafuta maji. Mkuu wao, mtu mrefu mwenye sauti iliyokauka kwa moshi, alininyooshea mkono.

"Mama, toa mchanga njiani. Hapa kuna kazi."

"Si mchanga."

Alipanda juu ya gurudumu langu akachungulia. Akaona maji, na magogo ya migomba yakielea kama mamba. Akanigeukia akiwa bado ananing'inia hapo.

"Nani amewafundisha hii kitu?"

"Marehemu bwanangu."

"Alikuwa zimamoto?"

"Alikuwa akibeba mchanga."

Akashuka, akamwita kijana wake alete mpira wa kunyonyea maji. Huyo mtu sitamsahau. Hakuuliza kibali cha nani wala barua ya nani. Alituonyesha mahali pa kusimama ili moshi usitufunike, akatuambia magari yaelekee chini muda wote ili upepo ukigeuka tusianze kuhangaika na usukani. Wao walikuwa na mipira na ujuzi wa moto, sisi tulikuwa na maji na njia. Lori likishanyonywa linashuka, lenye maji linapanda, tupu linajibana kando. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Sheria yako ya mlima ilikuwa inaendesha kazi yenyewe.

Huko chini, kwenye njia panda ya barabara kuu, Ouko alikuwa amesimamisha lori la tangi la maziwa lililokuwa likirudi tupu. Dereva wake alikuwa Mkisii, Nyakundi, hatukuwahi kumjua. Ouko alimweleza. Yeye akautazama mlima, akaizima redio yake.

"Hii tangi haijawahi kubeba kitu ingine ila maziwa," alisema.

"Moto hautauliza," Ouko akamjibu.

"Bosi ndiye atauliza. Mtamwambia nilipata pancha."

"Pancha ngapi?"

"Zote," Nyakundi akasema, akageuza kuelekea mtoni.

Tangi lake lilibeba maji mengi kuliko tipa zetu tatu, na lilikuwa halimwagi tone. Vijana wa zimamoto walimpenda kuliko sisi.

Alasiri upepo wa ziwa ukaamka. Unaufahamu, ule ambao ulikuwa ukikupeperushia kofia pale steji. Nilikuwa ninapanda na maji, Ouko amekaa kando yangu kwa kuwa lori lake lilikuwa bado linajazwa. Tukauona moto ukiruka. Ulikuwa umezuiwa upande wa shule, lakini upepo ulirusha nyasi zinazowaka juu ya lile korongo, zikaanguka upande wetu. Upande wetu nyasi zilikuwa za kufika kiunoni. Nilipita njia panda ya shule bila kusimama. Gari la zimamoto lilikuwa bado linapigana pale na lisingeweza kuacha.

Nikaingia bomani. Mama yako alikuwa amesimama kando ya kaburi lako, leso imefungwa kifuani, ameshika tawi bichi. Mbuzi alikuwa amewafunga nyuma ya jiko. Chini ya kaburi mteremko ulikuwa nyasi tupu, na chini ya nyasi moto ulikuwa unakuja ukiwa na sauti kama mvua kwenye mabati.

"Umechelewa," akaniambia.

"Nimefika," nikasema.

Hatukuwa na pampu. Pampu zote zilikuwa mtoni na mipira yote ilikuwa shuleni. Ouko aliangalia ndoo mbili zilizokuwa mlangoni pa jiko, akaniangalia. Halafu nikatazama mkono wa kuinulia bodi, na kile kitambaa chako. Si kipande cha leso mpya. Chako, kilichofifia mpaka kimekuwa kama rangi ya udongo.

"Ouko," nikasema, "shuka uweke mawe nyuma ya magurudumu. Mawe makubwa."

Alielewa kabla sijamaliza. "Itapinduka, Mama Achieng'. Ukiinua hapo kwenye ukingo, itarudi nyuma yote."

"Basi mawe yawe makubwa sana."

Nilirudi kinyumenyume kupita nyumba, kupita jiko, mpaka ukingoni, wewe ukiwa upande wangu wa kulia, karibu sana kiasi kwamba kama ungekuwa umekaa ungegusa kioo. Ouko aliviringisha mawe, yale ya mafiga ya zamani, na jiwe la kukalia la mama yako. Akafungua ndoano za mlango wa nyuma, akaruka pembeni, akapiga bodi kwa kiganja. Nilivuta breki ya mkono. Nikashika kitambaa. Ulikuwa umeniambia ni cha kukumbusha kwamba leo ni maji. Nilikumbuka. Nikakifungua, nikainua bodi.

Lori lilinyanyua pua. Nilihisi magurudumu ya mbele yakiwa mepesi, na nilisema jina lako, nasi tukabaki hapo, mimi na Nyar Katito, tukiangalia mbingu. Halafu maji yakatoka.

Yalitoka kama siku ile ya mazishi. Yalishuka mteremko kwa upana wa boma zima, yakalaza zile nyasi chini, magogo ya migomba yakibingirika mbele yake. Yalikutana na moto katikati ya mteremko, na mvuke ukapanda mweupe mpaka sikuuona mlima. Nilipoweza kuona tena, mbele yetu palikuwa matope na majivu, na pembeni vilibaki vijimoto vidogo vikitafuta mahali pa kwenda. Majirani waliteremka na matawi wakavimaliza. Vijana wa zimamoto walikuja mbio kutoka shuleni wakiburuta mpira, na mkuu wao akasimama ukingoni, akatazama chini, akatazama lori lililonyanyua pua, akavua kofia yake ngumu akajipangusa.

"Hii hatukufundishwa," alisema, na akacheka kwa ile sauti yake iliyokauka.

Ouko alikuwa amekaa kwenye matope. Mwanzoni nilidhani ameumia. Alikuwa anacheka, Baba Achieng', na machozi yanamtiririka, na kwikwi imemshika kama siku ile. Alikuwa akijaribu kusema neno na kila mara kwikwi inalikata. Mwishowe likatoka: "Mafuriko."

Mama yako alikuwa amelowa mpaka magotini na kandambili moja imekwenda na maji. Hakuitafuta. Alitupa lile tawi, akakusogelea, akainama na kuondoa ganda la mgomba lililokuwa limeangukia miguuni pako. Akazungumza nawe kwa sauti ya kawaida, kama ulipokuwa ukirudi nyumbani umechelewa kidogo.

"Owiti," akasema, "leo umemwaga mahali pake."

Moto wote ulizimwa kabla jua halijashuka ziwani. Malori yalishuka yakipita mbele ya boma letu, moja nyuma ya jingine, na kila lililopita lilipiga honi ndefu. Walifanya hivyo siku ya kukuzika, na nilizichukia zile honi. Safari hii nilisimama langoni na mama yako tukawapungia, na Nyakundi wa maziwa, ambaye hakukujua, alipiga honi ndefu kuliko wote.

Sasa nikuambie hali ya sasa. Kila tipa ya Katito ina kitambaa chekundu, na wengine wanakionea fahari kama nembo. Wale vijana wa zimamoto walirudi siku ya mapumziko, tukafanya mazoezi pale mtoni, wakatufundisha kuunga mipira na sisi tukawafundisha kukunja kona za turubai. Chifu ametaja yale mashimo barazani bila kutukana, na mimi nilikaa safu ya mbele. Bosi wa Nyakundi alipata habari zote za pancha zile na akaleta maziwa ya kutosha steji nzima. Achieng' alipokuja kutoka Maseno alitembea mteremko mzima akiwa na viatu mkononi, halafu akaniomba nimfundishe kuendesha. Nimemwambia gia ya pili itamsumbua, na kwamba Ouko si barabara.

Bado nina huzuni yangu. Jioni, ninapovua viatu mlangoni, kuna swali la karani ambalo haliulizwi tena. Lakini sikuandikii leo ili kulia. Uliondoka ukiamini walikucheka na mlima ukaungua, na kwamba mambo yaliishia hapo. Hayakuishia hapo. Steji nzima ilipanda, kama ulivyotaka, na mlima una nyasi.

Kitambaa chako nimekifua na kukirudisha mahali pake. Mawe ya mafiga yako jikoni, na jiwe la mama yako yeye mwenyewe amelikalia sasa hivi anapepeta mtama, ananiuliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia nakuandikia wewe. Amesema nikusalimu, na nikuulize ile kandambili yake iko wapi.

Lala salama, Owiti wangu. Njia ni yako.

Ni mimi mkeo na karani wako, ambaye pale Katito siku hizi wananiita

Mama Mafuriko